Kabro, jiwe, lami au zege: mtaa wenu utandikwe nini?

Kikao cha kutengeneza njia ya mtaa huanza na picha. Mtu ametoa simu, anaipitisha mkono kwa mkono: njia ya kabro nyekundu na za kijivu, zimepangika kama ukili wa mkeka, pembeni maua. "Tunataka hii." Mzee mmoja anajibu kwamba kabro za mtaa wa pili zimebonyea kabla mwaka haujaisha, afadhali lami. Mwenye duka la saruji anapendekeza zege. Mwalimu mstaafu anakumbusha mawe waliyokanyaga babu zake. Kila mmoja ana hoja ya kweli, na kikao kinavunjika bila uamuzi.

Nimekaa vikao vingi vya namna hiyo hapa Mombasa, kwa kuwa kazi yangu ni kusimamia utandikaji wa njia na viwanja. Nawaandikia walio katikati ya ubishi huo: kamati za mitaa, jumuiya za wenye nyumba, wawakilishi wa wadi, hata mwenye ploti moja anayetaka kutengeneza mbele ya lango lake. Kabro itachukua maneno mengi kuliko wenzake, kwa sababu ndiyo inayotamaniwa zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watandikaji.

Tuelewane majina kwanza. Kabro, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita pevingi, ni kitofali cha zege kilichoshindiliwa kiwandani. Hulazwa juu ya mchanga bila saruji, na hushikana na wenzake kwa mchanga uliojazwa kwenye mianya. Jiwe ni la namna mbili: mawe magumu yaliyochongwa vipande vya kushikika mkononi, na mabamba ya Mazeras, yale ya rangi ya krimu, waridi na kijivu yanayochimbwa bara kidogo tu ya Mombasa. Lami kila mtu anaijua. Zege ninalolisema hapa ni la kumwagwa papo hapo, likaachwa lilivyo au likapigwa chapa lingali bichi ili lifanane na mawe.

Mambo ya kupimia

Kabla ya kutaja unachokipenda, mtaa ujibu maswali sita. Nini kizito kuliko vyote kitapita au kusimama hapa? Maji ya mvua yataelekea wapi? Chini ya njia kuna nini, au kutapitishwa nini baadaye? Nani atatembea juu yake, na kwa miguu ya namna gani? Mna pesa kiasi gani sasa, na mikono gani ya kutengeneza pakiharibika? Na la mwisho, ambalo vikao vingi hulitanguliza: mnataka paonekaneje baada ya miaka kumi?

Nitavipitisha vyote vinne kwenye maswali hayohayo.

Mzigo

Kabro haibebi gari peke yake. Gurudumu likikanyaga moja, mchanga wa kwenye mianya unaisukumia jirani sehemu ya mzigo, jirani naye anamsukumia mwenzake, na chini yao msingi wa kokoto na kifusi kilichoshindiliwa unaumaliza. Ndiyo maana unene peke yake haukuokoi. Kwa njia ya waendao kwa miguu na gari dogo la mara mojamoja, milimita 60 zinatosha. Pakipita magari kila siku pamoja na lori la taka, nenda 80. Viwanja vya malori mazito hutumia hadi 100. Madukani Kenya utasikia pia "thelathini na tano" na "arubaini na tisa": hiyo ni nguvu ya zege lenyewe, kwa nyutoni katika kila milimita mraba. Usikubali kununua ukiwa umeambiwa unene tu bila nguvu.

Mpangilio nao ni kazi, haukuwekwa kwa urembo tu. Ule wa kufuatana kama matofali ya ukutani unafaa njia za miguu. Mahali magari yanapofunga breki na kukata kona, kabro zipangwe mfupa wa samaki, kwa sababu hapo hakuna mstari mrefu ulionyooka ambao gurudumu linaweza kuusukuma mbele. Na kingo: pande zote mbili ziwe na kabistoni zilizozamishwa kwenye zege. Njia isiyo na kingo huanza kuchanuka pembeni, mianya inapanuka, mchanga unatoka, na ugonjwa unatembea kuelekea katikati. Kabro nyingi zinazolaumiwa kwamba "zimebonyea" hazina kosa lolote zenyewe. Zilitandikwa juu ya msingi ambao haukushindiliwa, au fundi aliziba mashimo ya msingi kwa mchanga wa kulalia. Mchanga huo unatakiwa uwe na unene mmoja, kama sentimita 3, kila mahali. Ukiona mahali fulani umefika 8, simamisha kazi.

Lami hupenda magari yanayotembea. Kwa barabara ya mwendo mkali haina mpinzani, kwani kabro na mawe hupiga kelele chini ya magurudumu na mwendo huo hunyonya mchanga wa mianya. Udhaifu wake unaonekana stendi, ambako mabasi husimama palepale juani: lami inalainika, inafanya mifereji ya magurudumu, na dizeli inayodondoka huiyeyusha.

Zege ndilo lenye kifua cha kubeba kinachosimama. Jijini Dar es Salaam njia za mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, zilijengwa kwa zege. Mabasi mazito hupita mstari mmoja na kusimama sehemu zilezile siku nzima, na zege linaustahimili mzigo wa namna hiyo.

Mawe magumu yaliyochongwa na kulazwa vizuri hubeba chochote. Mazeras ni ya mguu. Bamba lake likiwa na uwazi mdogo tu chini, gurudumu la gari linalivunja, na hakuna fundi atakayekuhakikishia kwamba hakuacha uwazi hata mmoja.

Maji

Watu wengi huamini kabro hunywa maji. Kabro ya kawaida hainywi kitu cha kutajika. Mianya yake hujaa vumbi na udongo laini baada ya muda mfupi, na maji hupita juu. Zipo njia zinazojengwa makusudi zinywe maji, lakini hizo huwa na mianya mipana iliyojazwa vijikokoto, na chini yake msingi wa kokoto tupu zisizo na vumbi. Mtu akikuuzia kabro zilezile za kila siku akisema zitamaliza mafuriko, mwombe akuonyeshe msingi.

Kwa hiyo mwinamo ni lazima: sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Njia ya mita 3 inayoinama upande mmoja, ukingo wake wa chini uwe chini kwa sentimita 7 na nusu. Weka uzi, pima, usiamini jicho. Na kabro za kandokando ya mtaro au chemba ziachwe juu kidogo, kama milimita 5, kwa kuwa zitashuka zikishindiliwa na kukanyagwa. Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni tundu kwenye ukuta wa mtaro. Kupitia hapo mchanga wa kulalia hutoroka kidogo kidogo kila mvua, mpaka siku kabro tatu zinazama kwa pamoja.

Adui wa lami ni maji. Yakiingia kwenye ufa, magurudumu yanayasukuma ndani na nje mpaka msingi unakuwa tope, na shimo linazaliwa. Mtaa usio na mtaro haufai kupewa lami hata kama imetolewa bure.

Zege linavumilia maji vizuri, ila humwagia jirani yote. Karibu na bahari jihadharini na nondo au wavu uliowekwa juu juu: chumvi inaufikia, chuma kinavimba kwa kutu na kupasua zege kutoka ndani. Kabro haina chuma, ndiyo moja ya sababu inaishi vizuri pwani.

Kwenye mlima, jiwe linatangulia. Mwanza, mji uliojaa miamba ya matale, ina njia za mawe zinazopanda vilima kuingia kwenye makazi ambako mvua moja ilikuwa ikikokota udongo wote hadi bondeni. Jiwe lenye uso wa kukwaruza linampa mtu mahali pa kukanyaga, na maji yakishuka kwa kasi hayaling'oi.

Kinachozikwa chini

Hapa ndipo ninapowasihi mtulie. Mtaa wa mjini ni paa la mabomba. Maji, maji taka, umeme, sasa nyaya za intaneti, kila mmoja anakuja kwa wakati wake na sepetu yake.

Kulikuwa na mtaa tuliotandika kabro za milimita 80 mwezi wa kwanza. Kufika mwezi wa tatu wakaja mafundi wa bomba. Waling'oa kabro kwa mtaimbo, wakazipanga ukutani safi kabisa, bomba wakalitengeneza siku moja. Kisha wakarudisha udongo wote kwa mkupuo, wakaukanyaga kwa miguu, mchanga juu, kabro juu ya mchanga, jioni wakaondoka. Masika ilipokolea, pakatokea mfereji wa upana wa sepetu mbili na kina cha vidole viwili, ukilifuata bomba kama kovu. Maji yakatuama. Mama aliyekuwa akipita kila alfajiri na sinia la mahamri kichwani akawa anaambaa ukuta, mkono mmoja kwenye sinia na mwingine kwenye plasta ya nyumba za watu.

Tulifukua upya. Tukarudisha udongo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka tukilishindilia kwa mashine kabla ya kuongeza jingine, tukasawazisha mchanga, tukarudisha kabro zilezile. Mpya tuliweka sita tu, mahali pa zile zilizovunjwa na mtaimbo. Ilikuwa kazi ya watu wanne kwa siku mbili, na ukipita leo huwezi kuonyesha palipokatwa.

Kisa hicho kina pande zote mbili za kabro. Inasamehe kufukuliwa kuliko kitu kingine chochote, lakini humfichua mara moja aliyeshindilia vibaya. Waholanzi, ambao miji yao mingi iko juu ya udongo laini unaozama, hutandika mitaa yao ya makazi kwa vitofali kwa sababu hiyohiyo: mtaa ukishuka, vinainuliwa, mchanga unaongezwa, vinalazwa tena. Kabro ya zege yenyewe ilienea kutoka kwao baada ya Vita Kuu ya Pili, vitofali vya udongo vilipokuwa adimu.

Mawe ya kuchongwa yaliyolazwa juu ya mchanga hung'oka na kurudi vivyo hivyo, ila yanahitaji fundi mwenye jicho, kwa sababu hakuna mawili yanayolingana. Yaliyofungwa kwa saruji, pamoja na Mazeras, huvunjika yanapong'olewa. Lami hukatwa kwa urahisi na kuzibwa kwa urahisi, na kiraka hubaki kiraka. Zege ndilo gumu kuliko yote: unalikata kwa mashine yenye kelele, unalivunja kwa nyundo, na unapolimwaga tena rangi yake haitalingana na ya zamani. Zege la chapa likikatwa katikati ya nakshi, uzuri wake wote umekwisha.

Mguu, gurudumu na jua

Kwa kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto, lami na zege laini ndivyo vyepesi. Kabro iliyotandikwa vizuri inafuata kwa karibu, mradi uchague yenye kingo zilizonyooka, isiyokatwa pembe sana, na mianya ya milimita 2 hadi 5. Mawe ya kuchongwa ni mateso kwa magurudumu madogo. Anayesukuma mkokoteni wa maji wenye madumu ishirini atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Mkiyataka mawe kwa sura yake, pitisheni katikati au pembeni ukanda wa mabamba mapana yaliyosawazishwa, kiti na mkokoteni vipite hapo.

Kwa asiyeona, kabro zina nafasi nzuri ambayo hutumiwa mara chache mno: vitofali vya vipele kwenye vivuko na mbele ya ngazi, vya rangi ya manjano ili mwenye uoni hafifu navyo vimsaidie. Gharama yake ni ndogo ukivipanga tangu mwanzo.

Jua la pwani linahukumu rangi. Lami nyeusi hunyonya joto na kulirudisha usiku. Kabro za kijivu hafifu, zege na Mazeras ya krimu hubaki na afadhali, mtoto aweza kukatiza bila viatu. Kabro nyeusi zinapendeza kwenye picha. Zitumieni kwa mistari, zisijaze uwanja.

Utelezi: Mazeras iliyosuguliwa ing'ae, au zege la chapa lililopakwa vanishi, ni hatari siku ya mvua. Kabro haitelezi mpaka iote kijani, nayo huota penye kivuli kisichopata upepo.

Pesa na mikono

Bei zinabadilika kwa mji na kwa msimu, hivyo sitataja. Nitakupa hesabu ya kwenda nayo kiwandani. Kabro ya mstatili ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita mraba. Kichochoro cha mita 3 kwa 100 ni mita mraba 300, yaani vitofali 15,000, ongeza kidogo kwa vya kukata na akiba. Chenye unene wa milimita 60 kina uzito wa karibu kilo 2.7, wa 80 karibu kilo 3.7. Kwa kichochoro kimoja basi unazungumzia zaidi ya tani 40, au zaidi ya 55. Ikiwa lori haliingii, kila kitofali kitabebwa kwa mkokoteni, na malipo ya mahamali yawemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kulipa, chukua kitofali kutoka katikati ya rundo, usipokee kile cha juu unachokabidhiwa. Vigonganishe viwili: kizuri hulia kama chungu kizima, kibovu hutoa sauti ya kufa. Kikwaruze kwa msumari kwenye pembe. Kikitoa unga, kilinyimwa saruji au hakikumwagiliwa maji ya kutosha baada ya kutengenezwa. Omba kimoja kivunjwe, utazame ndani kama kokoto zimeshikwa na kama rangi imeingia au ni ngozi tu. Halafu panga kumi kwa mstari, pima urefu, panga kumi vingine. Mistari ikitofautiana kwa kidole, fundi wako atateseka na mianya haitanyooka kamwe. Vipimo hivi havichukui nafasi ya cheti cha maabara, lakini vimeshaniokoa na mizigo mibaya.

Kabro inahitaji mafundi wachache, mashine ndogo ya kushindilia, uzi na subira, na njia hufunguliwa siku hiyohiyo inaposhindiliwa. Mvua ya kwanza ikipita, rudi ufagie mchanga mwingine kwenye mianya. Hilo husahaulika, kisha chungu hufukua, majani huota, watu hulalamika.

Lami hudai mitambo: lori la lami moto, mashine ya kutandaza, rola. Kwa barabara ndefu gharama hiyo hugawanyika ikawa nafuu. Kwa kichochoro cha mita 100 mitambo haiingii, na lami ya kutandazwa kwa mkono mara nyingi hupoa kabla ya kushindiliwa. Faida yake ni haraka, kwani gari hupita baada ya saa chache.

Zege hupatikana kila mahali, kila fundi anadai analijua, na hapo ndipo tatizo. Linataka kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa na kukatwa mapema viungo, yaani mistari ya kuongoza nyufa, la sivyo litajichagulia lenyewe pa kupasuka. Nguvu yake kamili inahesabiwa siku ya 28. Je, mtaa wenu unaweza kukaa bila lori la maji na gari la wagonjwa muda wote huo?

Jiwe hula mikono kuliko vyote, na kwa baadhi ya miji hilo ni neema. Ethiopia ilifungua ajira kwa vijana wengi kwa kuchonga na kutandika mawe mitaani, na Bujumbura nayo ina mitaa mingi ya makazi iliyotandikwa mawe kwa kazi ya mikono. Pesa ya mradi hubaki kwa wachongaji na watandikaji wa hapohapo. Lakini hesabu ya jiwe inategemea machimbo. Likichimbwa jirani, linawezekana. Likisafirishwa kilomita mia tatu, mtaa unalipa nauli ya mawe.

Niongeze neno kuhusu vitofali vya plastiki. Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers wanayeyusha taka za plastiki pamoja na mchanga kuvitengeneza, na mwaka 2020 alitunukiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Kwa njia za miguu na viwanja vya shule naona ni jambo la kujaribiwa kwa moyo mweupe. Kwa mtaa wa magari, muulizeni mtengenezaji karatasi ya vipimo, kama mnavyomuuliza wa kabro.

Sura, leo na baada ya miaka kumi

Rangi ya kabro hutoka kwenye unga wa oksidi ya chuma unaochanganywa na zege. Nyekundu, manjano na nyeusi hukaa miaka, zikififia pole pole kwa pamoja. Kabro ya kijivu iliyopakwa rangi juu ni kitu kingine kabisa, hiyo huchujuka palipo na nyayo. Wiki za mwanzo mnaweza kuona ukungu mweupe juu ya vitofali. Ni chokaa inayotoka kwenye saruji, nao huisha na mvua, msiukimbilie kwa tindikali.

Kwa maoni yangu, rangi mbili zinatosha mtaa. Ya tatu iwe ya kuonyesha kitu: kivuko, nafasi ya kuegesha, mlango wa msikiti au shule. Nimeona viwanja vyenye nyota, maua na mawimbi ya rangi tano, kisha jicho halijui litue wapi na mtu hajui gari litapita upande gani.

Jiwe ndilo pekee linaloongezeka uzuri likizeeka. Lami haijifanyi kuwa kitu kingine, na mti mkubwa ukiwepo kando yake inatosha kabisa. Zege la chapa huanza likivutia na kuchakaa kwenye mapito ya magurudumu, nakshi ikibaki pembeni na upara katikati.

Nani anafaa nini

Kabro inawafaa wanaojua njia yao itafukuliwa, wanaotaka magari yapunguze mwendo, na wenye mtu wa kuitazama walau mara moja kwa mwaka. Jiwe ni la walio karibu na machimbo, wa milimani, au wa mji wenye historia ya kulindwa. Lami ni ya wenye barabara ndefu, mitaro mizuri na magari yasiyosimama. Zege ni la wenye mzigo mzito unaosimama, na uhakika kwamba chini hakuna kitakachotafutwa.

Kwa hali yenu

*Kichochoro cha Mji wa Kale.* Mombasa, Ndia Kuu ina kabro, na watu wameizoea. Lakini Lamu, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa 2000, si mahali pa kamati kuamua peke yake. Lamu anzeni na Makumbusho ya Taifa, Zanzibar na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kabro ndogo za rangi moja zilizotulia, au jiwe, ndizo zinazoweza kukaa karibu na kuta za matumbawe bila kupigana nazo. Fikirini punda pia: mianya ikiwa mipana, samadi hujaa humo na haitoki kwa ufagio. Na angalieni kimo. Kila tabaka jipya juu ya la zamani huinua njia, mpaka siku maji yanaingia vizingitini. Ondoeni la zamani kwanza.

*Mtaa wa nyumba unaopita tuktuk, magari madogo na lori la taka.* Kabro za milimita 80, mfupa wa samaki, kabistoni pande zote, au lami ikiwa mtaro upo na mitambo inaingia. Kama pesa zinatosha kwa kimoja tu kati ya msingi mzuri na rangi nzuri, chukueni za kijivu tupu.

*Barabara ya biashara mnayotaka kuwarudishia waendao kwa miguu.* Nairobi ilipoibadilisha Luthuli Avenue mwaka 2019, njia za magari zilipunguzwa na za miguu zikapanuliwa. Kigali ilianza kwa kuzuia magari kwenye kipande cha katikati ya mji mwaka 2015, ndipo baadaye kikajengwa vizuri kikawa matembezi. Hapo kabro na mabamba ya mawe vinafaa kwa pamoja. Wekeni vizuizi imara vya magari kabla ya kutandika, la sivyo kabro za milimita 60 zitageuka maegesho ya malori ya usiku.

*Stendi ya matatu au sehemu ya kushusha mizigo.* Zege, au kabro nene juu ya msingi wa zege la saruji kidogo. Lami iishie langoni.

*Mtaa wa mlimani.* Jiwe likipatikana jirani. Likikosekana, zege lililokwaruzwa kwa ufagio kukatiza mteremko. Mkitaka kabro, jengeni vizuizi vya zege chini ya ardhi kukatiza njia kila baada ya umbali fulani, zisije zikateremka zote kwa pamoja.

*Mbele ya lango lako.* Mazeras kwa kijia cha miguu, kabro mahali gari linapoingia. Nunua vitofali mia moja vya ziada vya mzigo uleule na uvipange nyuma ya nyumba, kwa sababu rangi ya mwakani haitafanana na ya mwaka huu.

*Mtaa ambao bomba la maji taka halijafika.* Subirini. Kama hamwezi kusubiri, sawazisheni kwa changarawe iliyoshindiliwa na mjenge mtaro, au tandikeni kabro huku mkizika mabomba matupu ya kukatiza njia kwa ajili ya watakaokuja. Mwiteni mtu wa maji, wa umeme na wa intaneti siku moja, mtembee nao njia nzima mkiwa na ndoo ya chokaa, mkitia alama kila mahali kila mmoja wao atakapopita.